Udhibiti wa Uundaji na Upashaji Ishara wa Silia ya Awali: Seli Inavyosikiliza Mazingira Yake

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna seli inavyodhibiti uundaji wa silia ya awali pamoja na ishara zinazopitia humo. Silia ya awali ni kijiti kidogo kinachochomoza juu ya seli nyingi za wanyama wenye uti wa mgongo, na kwa miongo mingi ilidhaniwa kuwa masalia yasiyo na kazi. Makala yanaanza na historia na jina la silia hiyo, kisha yanaeleza umbo lake, hatua za kuota na kuvunjwa kwake, na jinsi inavyopokea ishara. Mifano miwili imejadiliwa kwa kina: mfumo wa ishara wa Hedgehog na ugonjwa wa kurithi wa figo zenye vifuko vya maji. Hatimaye makala yanajadili nafasi ya Kiswahili katika kueleza taaluma hii, na kusisitiza kwamba ufafanuzi wa maradhi haya kwa lugha inayoeleweka ni haja ya familia zinazoathirika.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kuwa mdharau mwiba mguu huota tende. Methali hii inaafiki historia ya silia ya awali kuliko maelezo mengi marefu. Kwa takriban miaka mia moja, wataalamu wa biolojia walikiona kijiti hiki kwenye hadubini, wakakichora, kisha wakakiacha. Hakikupiga makasia kama silia za koo ambazo husukuma makohozi, wala hakikuogelea kama mkia wa mbegu ya kiume. Kitu kisichotembea kilichukuliwa kuwa kitu kisichofanya kazi.

Leo inajulikana kwamba kasoro katika kijiti hicho huweza kuharibu figo, kupofusha macho, kuongeza vidole mikononi na miguuni, na kuvuruga ukuaji wa ubongo wa kijusi. Swali la msingi la makala haya ni hili: je, seli huamua vipi lini iwe na silia, iijenge vipi, iruhusu nini kuingia ndani yake, na itafsiri vipi habari inayopokewa huko?

2.0 Historia na Jina

Mwaka 1898 mtaalamu Karl Wilhelm Zimmermann alieleza kuwapo kwa silia moja moja juu ya seli za mamalia, zikiwemo za mirija ya figo. Zimmermann alikisia kwamba huenda kijiti hicho kilikuwa kiungo cha hisi. Kisio hilo halikufuatiliwa kwa uzito uliolistahili.

Mwaka 1968 Sergei Sorokin, aliyekuwa akichunguza ukuaji wa mapafu ya mamalia, alitumia jina ambalo kwa Kiswahili ni silia ya awali. Alifanya hivyo kwa sababu silia hiyo hutokea kwanza, kabla ya zile nyingi zinazopiga makasia. Hoja hii ina uzito kwa mwanafunzi wa istilahi. Anayetafsiri kwa haraka huenda akaiita "silia ya msingi", na kumfanya msomaji aamini kuwa ni msingi ambao silia nyingine hujengwa juu yake. Maana iliyokusudiwa ni ya wakati, wala si ya cheo. Ndiyo maana makala haya yanatumia neno "awali".

Neno silia lenyewe lina asili ya Kilatini, ambako lilihusu ukingo wa jicho na nywele zake. Kiswahili kina neno linalolingana nalo kwa ukaribu mno, nalo ni ukope. Aidha, ngeli ya ukope hutofautisha umoja na wingi, ukope mmoja na kope nyingi, ilhali silia hubaki vilevile. Tofauti hiyo si ndogo, kwa kuwa sifa kuu ya silia ya awali ni upweke wake: seli moja huwa na silia moja. Makala haya yanatumia silia kwa kuwa ndilo neno linaloelekea kufahamika katika masomo ya biolojia, lakini ukope linafaa sana katika ufafanuzi.

3.0 Umbo la Silia ya Awali

Silia ya awali huwa na urefu wa maikromita chache tu, kwa kawaida kati ya 1 na 10. Ndani yake mna jozi tisa za virija vya protini iitwayo tubulini, zilizopangwa kwa duara kama nguzo za msonge. Silia nyingi zinazopiga makasia huwa na jozi hizo tisa pamoja na virija viwili katikati, na huwa na protini za mwendo zinazozifanya zipinde. Silia ya awali haina virija hivyo viwili vya kati, na kwa kawaida haijisukumi yenyewe.

Jozi hizo tisa huota kutoka kwenye kitako. Kitako hicho ni sentrioli iliyobadilishwa kazi. Sentrioli ni vijipipa viwili vinavyopatikana karibu na kiini cha seli, na kimoja ni kikongwe kuliko kingine. Kikongwe huitwa sentrioli mama, na ndicho pekee chenye viambatisho vya kukiwezesha kujishikiza kwenye utando wa seli.

Silia imefunikwa na utando unaoendelea na utando wa seli nzima. Hata hivyo, utando huo una mafuta na vipokezi vyake mahususi. Kwa hiyo silia ni kama chumba cha pembeni katika nyumba kubwa: paa ni lile lile, ila mlango ni wake na waingiao huhesabiwa.

4.0 Udhibiti wa Uundaji

4.1 Kuota kwa Silia

Jambo la kwanza linaloamua kama seli itaota silia ni uhusiano wake na mgawanyiko. Seli inapojigawa, sentrioli huhitajika katika ncha za nyuzi zinazotenganisha kromosomu. Seli inapotulia bila kujigawa, sentrioli mama huwa huru kuwa kitako cha silia. Kwa sababu hiyo, watafiti katika maabara huzichochea seli kuota silia kwa kuzinyima seramu yenye vichocheo vya ukuaji. Seli zikikosa vichocheo hivyo huacha kujigawa, na silia zikaanza kuchomoza.

Lakini kutulia pekee hakutoshi. Ncha ya sentrioli mama huwa imefunikwa na kizibo kinachohusisha protini za CP110 na CEP97. Kizibo hicho kikiwapo, virija haviwezi kurefuka. Katika viambatisho vya sentrioli mama kuna protini ya CEP164, ambayo huita kimeng'enya cha TTBK2. Mwaka 2012 maabara ya Kathryn Anderson, mjini New York, ilionyesha kwamba panya wasio na TTBK2 hawaoti silia: sentrioli hufika kwenye utando lakini CP110 haiondolewi. Yaani chombo kimetia nanga bandarini, ila mzigo umefungiwa ndani.

Wakati huohuo vijifuko vidogo vya utando hukusanyika kwenye viambatisho vya sentrioli mama, vikaungana na kuwa kofia moja. Protini za Rab11 na Rab8, zikisaidiwa na Rabin8, huratibu safari za vijifuko hivyo. Kofia hiyo hupanuka kadiri virija vinavyorefuka, na hatimaye huungana na utando wa seli.

4.2 Lango na Usafirishaji

Ndani ya silia hamna ribosomu, yaani viwanda vya kutengenezea protini. Kila protini inayohitajika hutengenezwa ndani ya seli na kuingizwa kwenye silia. Hapa ndipo udhibiti unapokuwa makini zaidi. Juu kidogo ya kitako kuna eneo la mpito ambalo hufanya kazi ya lango. Katika eneo hili, viungo vyenye umbo la herufi Y huunganisha virija na utando, na protini kama CEP290 pamoja na makundi ya NPHP na MKS hulinda njia. Kisichoruhusiwa huzuiwa, na kilichomo hakitoki ovyo.

Mwaka 1993 Keith Kozminski, Joel Rosenbaum na wenzao katika Chuo Kikuu cha Yale waliona punje zikisafiri kwenda na kurudi ndani ya mikia ya mwani mdogo uitwao Chlamydomonas. Safari hizo hufuata virija kama garimoshi lifuatavyo reli. Kutoka kitako hadi ncha, mzigo huvutwa na injini ya kinesini ya aina ya pili, na mabehewa yake makuu ni kundi la protini la IFT-B. Kutoka ncha hadi kitako, injini ni daineini ya aina ya pili, na kundi la IFT-A huhitajika. Treni za kwenda zikikosekana, silia haijengeki. Za kurudi zikikosekana, mizigo hurundikana kwenye ncha na silia huvimba.

Kundi jingine la protini nane, liitwalo BBSome, lilielezwa mwaka 2007. Miongoni mwa kazi zake ni kuwatoa kwenye silia vipokezi ambavyo muda wao wa kukaa umekwisha. Kwa hiyo, orodha ya vipokezi vilivyomo ndani ya silia hutegemea wanaoingia na wanaotolewa kwa pamoja.

4.3 Kuvunjwa kwa Silia

Seli inapopata kichocheo cha kujigawa, ni lazima silia ivunjwe. Mwaka 2007 ilionyeshwa kwamba protini ya HEF1 huamsha kimeng'enya cha Aurora A kwenye kitako. Aurora A nayo huamsha HDAC6, ambayo huondoa alama za asetili zinazopatikana kwenye virija imara. Virija hulegea, silia hufupika, na sentrioli hurudi kwenye kazi ya mgawanyiko.

Urefu wa silia wakati wowote basi ni mizania ya kujenga na kubomoa, kwa maana hata silia iliyokamilika huendelea kubadilishana tubulini katika ncha yake. Hakuna fundi anayepima kwa rula. Treni zikipungua au vivunjaji vikizidi, silia hufupika. Hali ikigeuka, hurefuka.

5.0 Upashaji Ishara: Mfano wa Hedgehog

Mwaka 1980 Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus walichapisha uchunguzi wa jeni zinazopanga mwili wa nzi wa matunda. Jeni mojawapo ilipoharibika, lava walijaa vimiba mithili ya kalunguyeye, na kwa hivyo ikaitwa Hedgehog, jina la mnyama huyo kwa Kiingereza. Uchunguzi huo ulichangia wao kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1995. Wanyama wenye uti wa mgongo wana jeni za jamii hiyohiyo, na huzitumia kupanga uti wa mgongo, ubongo na vidole.

Mwaka 2003 Danwei Huangfu, Kathryn Anderson na wenzao waligundua kwamba panya wenye kasoro katika protini za treni za silia hushindwa kuitikia ishara ya Hedgehog. Mwaka 2005 ilionyeshwa kwamba protini ya SMO huhamia kwenye silia ishara inapofika, na mwaka 2007 kwamba kipokezi cha PTCH1 huwa kwenye silia wakati ishara haipo. Silia ilibainika kuwa mahali penyewe ambapo habari husomwa.

Utaratibu wake ni huu. Ishara isipokuwapo, PTCH1 huizuia SMO isikusanyike ndani ya silia. Kipokezi kingine, GPR161, huchangia kudumisha utendaji wa kimeng'enya cha PKA. PKA hubandika fosfeti kwenye protini za GLI, na hasa GLI3 hukatwa ikawa kizuizi. Kizuizi hicho huenda kwenye kiini na kuzifunga jeni lengwa. Ishara inapofika, PTCH1 huondoka, SMO huingia, GPR161 hutoka, na protini za GLI hukusanyika kwenye ncha ya silia. Huko hubadilika kuwa viamshi, kisha huenda kwenye kiini na kuzifungua jeni zilezile.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba silia huhitajika kwa kazi zote mbili, ya kutengeneza kizuizi na ya kutengeneza kiamshi. Kwa hiyo silia ikikosekana, matokeo hutegemea kiungo kinachohusika. Katika sehemu ya chini ya neva inayounda uti wa mgongo, kiamshi ndicho kinachohitajika zaidi, na kukosekana kwa silia huondoa aina fulani za seli. Katika mkono unaokua, kizuizi ndicho kinachozuia vidole visizidi, na kukosekana kwake huleta vidole vya ziada. Kasoro ni ile ile, lakini huku hupunguza na kule huongeza. Asiyefahamu kazi hizo mbili atayaona matokeo haya kama kitendawili kisicho na jibu.

6.0 Silia na Figo

Mwaka 2000 Gregory Pazour na wenzake walionyesha kwamba jeni inayohitajika kujenga mikia ya mwani wa Chlamydomonas inalingana na jeni ambayo kasoro yake huwapa panya vifuko vya maji kwenye figo. Silia za figo za panya hao zilikuwa fupi kuliko kawaida. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Maureen Barr na Paul Sternberg walikuwa wameonyesha kwamba protini inayolingana na polisistini ya binadamu hupatikana kwenye neva zenye silia za mnyoo mdogo. Mwani, mnyoo na panya vilitoa ushahidi unaoelekea upande mmoja.

Kwa binadamu, aina ya kawaida ya ugonjwa huu hurithiwa kwa namna ambayo mzazi mmoja mgonjwa anatosha. Kila mtoto wake huwa na uwezekano wa asilimia 50 wa kuupata. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kati ya mtu 1 kwa kila 400 na mtu 1 kwa kila 1,000. Jeni kuu zinazohusika ni PKD1, iliyotambuliwa mwaka 1994, na PKD2, iliyotambuliwa mwaka 1996. Zinaelekeza utengenezaji wa polisistini 1 na polisistini 2, ambazo hupatikana kwenye silia. Vifuko hukua polepole kwa miaka mingi, vikabana sehemu nzima ya figo, na wagonjwa wengi hatimaye huhitaji kusafishwa damu kwa mashine au kupandikizwa figo.

Je, polisistini hufanya nini kwenye silia? Mwaka 2001 Helle Praetorius na Kenneth Spring waliripoti kwamba kuipinda silia ya seli za figo huongeza kalisi ndani ya seli. Kutokana na hilo ikaenea nadharia kwamba silia hupima mkondo wa mkojo, na kwamba kalisi ndiyo ujumbe. Mwaka 2016 watafiti wengine, wakitumia panya waliowekewa kionyeshi cha kalisi ndani ya silia, hawakuona ongezeko hilo ndani ya silia kwa mikondo ya kawaida. Mjadala huu haujafungwa, na mwanafunzi anapaswa kuzisoma pande zote mbili kabla ya kuikariri nadharia ya mwanzo kama ukweli usiopingika.

Matokeo mengine, ya mwaka 2013, yanashangaza zaidi. Panya walioondolewa polisistini walipata vifuko vingi. Walipoondolewa polisistini pamoja na silia, vifuko vilipungua ukali. Maana yake ni kwamba silia nzima isiyo na polisistini hudhuru kuliko kutokuwa na silia kabisa. Inaelekea silia hubeba ujumbe wa kuchochea ukuaji, na polisistini huudhibiti. Mlinzi akiondoka na lango likabaki wazi, hasara huzidi ile ya kutokuwa na lango.

7.0 Maradhi Mengine na Tiba

Dalili za Bardet-Biedl zilielezwa na Georges Bardet mwaka 1920 na Artur Biedl mwaka 1922: unene uliopindukia, vidole vya ziada, upofu unaokuja taratibu na kasoro za figo. Kwa muda mrefu haikueleweka ni nini kinachoziunganisha. Mwaka 2003 protini mojawapo inayohusika ilipatikana kwenye kitako cha silia, na kundi la BBSome limepewa jina kutokana na ugonjwa huu. Upofu unaeleweka pia, kwani sehemu ya seli ya retina inayonasa mwanga ni silia iliyobadilika umbo.

Saratani nayo ina uhusiano wenye pande mbili. Tafiti za mwaka 2009 kwa panya zilionyesha kwamba uvimbe unaotokana na SMO iliyoamka kupita kiasi huhitaji silia ili ukue, ilhali ule unaotokana na GLI2 iliyoamshwa huzuiwa na silia hiyohiyo. Ujuzi huu umezaa dawa. Vismodegib, inayoizuia SMO, iliidhinishwa Marekani mwaka 2012 kwa aina ya saratani ya ngozi. Tolvaptan, inayopunguza kasi ya kukua kwa vifuko vya figo, iliidhinishwa Japani mwaka 2014 na Marekani mwaka 2018. Setmelanotide iliidhinishwa Marekani mwaka 2022 kwa unene unaoambatana na Bardet-Biedl. Tolvaptan haiponyi ugonjwa wa figo. Huchelewesha tu madhara yake.

8.0 Kiswahili na Maarifa Haya

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hadhi hiyo hupimwa pale ambapo ndugu watatu hukaa mbele ya daktari na kuelezwa kwamba ugonjwa wa baba yao huenda wameurithi. Wakiambiwa kwa lugha wasiyoimudu, huenda wakarudi nyumbani wakiamini kuwa ni laana ya ukoo au kosa la mama. Wakiambiwa kwa Kiswahili kwamba kila seli ya mrija wa figo ina ukope mmoja wa kusikilizia, na kwamba protini moja ya ukope huo ina kasoro inayorithiwa kwa uwezekano wa nusu kwa nusu, watakuwa na jambo la kuulizia: nani apimwe, lini, na shinikizo la damu lidhibitiwe vipi.

Wanafunzi wa istilahi wanavikumbuka vigezo vya PEGITOSCA. Mojawapo ni uangavu, yaani istilahi iashirie maana yake. Kingine ni ukimataifa. Vigezo hivi viwili huvutana. Silia ina ukimataifa, ukope una uangavu. Si lazima kimoja kikifute kingine: matini ya kitaalamu yaweza kushika silia, na mazungumzo ya zahanati yakashika ukope, mradi msomaji ajue ni kitu kimoja. Kinachopaswa kuepukwa ni tafsiri inayopotosha, kama ilivyoonyeshwa kuhusu "silia ya msingi".

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba silia ya awali hudhibitiwa katika ngazi nne: muda wa kuota na kuvunjwa kulingana na mgawanyiko wa seli, uondoaji wa kizibo cha sentrioli mama, lango na treni zinazochuja yaliyomo, na mwendo wa vipokezi unaobadilisha ishara kuwa amri kwenye kiini. Ngazi yoyote ikiharibika, athari huonekana mbali na mahali kasoro ilipo, kwenye vidole, macho au figo.

Bado mengi yanahitaji kuchunguzwa, hususan ujumbe ambao polisistini huudhibiti. Kazi hiyo ni ya wanasayansi. Kwa upande wao, wanafunzi wa Kiswahili wana kazi ambayo hakuna atakayewafanyia: kukusanya istilahi za figo na za urithi zinazotumiwa hospitalini, kuzilinganisha, na kuzipendekeza kwa walimu na wauguzi. Kijiti kilichodharauliwa kwa karne nzima kimethibitisha umuhimu wake. Lugha itakayokieleza kwa mgonjwa isingojewe muda kama huo.